Mafunzo ya huduma ya kwanza kazini: jinsi ya kuyaandaa yakafaa siku ya ajali

Moyo ukisimama, ubongo huanza kuumia ndani ya dakika 4 hadi 6. Mshipa mkubwa wa damu wa pajani ukikatika, mtu anaweza kufa kwa kuvuja damu kabla dakika 5 hazijaisha. Gari la wagonjwa, hata mahali penye huduma nzuri, ni nadra kufika ndani ya muda huo. Kwa hiyo ajali kubwa inapotokea kazini, uhai wa aliyeumia huwa mikononi mwa wenzake: anayesimama naye kwenye mashine, mpishi wa zamu hiyo, karani wa meza ya jirani. Wasipojua la kufanya, dakika hizo huisha kwa kelele, kwa kumwagia mtu maji usoni na kwa kumtafuta bosi kwenye simu.

Ndiyo maana mafunzo haya hayapaswi kuonekana kama hisani ya mwajiri. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, katika ibara ya 18 unataka waajiri waweke, inapohitajika, mipango ya kukabili dharura na ajali, pamoja na maandalizi ya kutosha ya huduma ya kwanza. Juni 2022 shirika hilo liliingiza mazingira salama na yenye afya kazini katika kanuni na haki za msingi za kazi, na mkataba huo ukahesabiwa miongoni mwa mikataba ya msingi. Sheria ya nchi yako inaweza kutaja idadi ya watu wa kufunzwa na vifaa vya kuwekwa, kwa hiyo isome kwanza. Ila sheria hukagua zaidi cheti na sanduku. Kuhakikisha mikono ya watu inaijua kazi ni jukumu lako.

Zunguka eneo la kazi kabla ya kumwita mkufunzi

Kosa la mapema kuliko yote ni kununua kozi iliyopikwa tayari. Kozi ya jumla inaweza kumkalisha mchomeleaji vyuma saa nzima akifunga bandeji kwenye kifundo kilichoteguka, kisha ikapita juu juu kwenye umeme na majeraha ya moto, ambayo ndiyo hatari yake ya kila siku.

Tenga nusu siku. Chukua daftari na mtu mmoja anayefanya kazi pale kwa mikono yake, mpite idara moja baada ya nyingine. Kila mnaposimama jiulizeni: hapa mtu anaweza kuumia vipi kiasi cha kufa ndani ya robo saa? Nani atakuwa karibu naye? Sanduku liko umbali gani? Maji ya bomba yako wapi? Simu inashika mtandao?

Karakana ya vyuma itakupa vidole vilivyokatwa, vipande vya chuma machoni na umeme. Jikoni kuna mafuta ya moto na mvuke. Ghalani kuna fokolifti, ngazi na mizigo inayoporomoka. Shambani kuna viuatilifu, jua kali na mashine zinazovuta nguo. Ofisi, ambazo wengi huziona salama, zina moyo kusimama, kiharusi, kifafa, sukari kushuka na chakula kukwama kooni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mashine ili litokee.

Kisha fungua daftari la ajali, usome miaka miwili au mitatu nyuma, pamoja na matukio ya “nusura”. Daftari likiwa tupu usifurahi haraka; mara nyingi maana yake ni kwamba watu hawaandiki. Waulize wafanya usafi na watu wa zamu ya usiku, kwa kuwa wao huona mengi yasiyofika ofisini. Mwishoni uwe na orodha ya matukio matano au sita ya mahali pako, na orodha hiyo ndiyo umpe mkufunzi.

Wangapi, na akina nani

Hesabu kwa zamu na kwa jengo. Idadi ya majina kwenye orodha ya mishahara haitakusaidia. Tuchukue kampuni ya watu 60, zamu mbili, ghorofa mbili. Ukitaka kila ghorofa iwe na mhudumu mmoja wa huduma ya kwanza kila zamu, unahitaji wanne. Lakini watu huenda likizo, huugua, hutoka kula, hutumwa mjini. Ukitaka mmoja awepo wakati wote, funza wawili kwa kila sehemu, yaani wanane. Kwenye chumba chenye mashine za kukata, wawili wawe ndani ya chumba hichohicho, kwa sababu atakayeumia anaweza kuwa mhudumu mwenyewe.

Mhudumu awe mtu anayeweza kuacha kazi yake papo hapo. Mwendesha kreni, mlinzi aliye peke yake langoni na fundi wa tanuri wafunzwe, ila usiwahesabu. Mameneja pekee hawatoshi pia, maana nusu ya siku wako mkutanini. Tafuta wanaojitolea, walio watulivu, na ambao wenzao huwasikiliza wakisema “wewe piga simu, wewe lete sanduku”. Sifa hii ya mwisho ina uzito kuliko elimu ya darasani.

Wafanyakazi wengine wote wapate angalau saa moja na nusu: kuita msaada, kutambua asiyepumua, kukandamiza kifua, kubana jeraha, kumlaza mtu ubavu, kupoza palipoungua. Mhudumu aliyefunzwa vizuri bado anahitaji mtu wa kumpokea kwenye kifua akichoka, na wa pili wa kufungua lango.

Kumpima mkufunzi kabla ya kumlipa

Muulize atatumia muda gani kwenye mikono na muda gani kwenye maelezo. Ikiwa mazoezi hayafiki nusu ya muda wote, tafuta mwingine. Darasa lisizidi watu 12 kwa mkufunzi mmoja, na mdoli mmoja wa mazoezi utumike na watu watatu, wanne wakizidi sana. Midoli iwe ya aina inayotoa mlio au kuwasha taa kifua kinapobonyezwa kwa kina kinachotakiwa. Bila hivyo hakuna anayejua kama anafanya sawa. Muulize pia kama anampima kila mtu peke yake, na kama yuko tayari kufundishia ndani ya karakana yenu badala ya ukumbi wa hoteli.

Masomo ya kwenye kompyuta yanafaa kwa nadharia, tena huokoa muda. Lakini hakuna aliyejifunza kubana mshipa kwa kubofya kitufe, na cheti kilichotokana na picha za skrini peke yake usikihesabu kama mafunzo.

Kwanza: usiwe majeruhi wa pili

Somo hili likipitwa haraka, mafunzo yanaweza kuua. Mtu akishikwa na umeme, mwenzake hukimbia kumvuta, nao wakawa wawili. Zima swichi kuu au chomoa plagi kwanza. Kwa umeme wa kawaida wa ndani, kama huwezi kuuzima, simama juu ya kitu kikavu kisichopitisha umeme na umsukume aachane na chanzo kwa fimbo kavu ya mbao au plastiki. Kwa nyaya za umeme mkubwa hakuna fimbo inayofaa: kaa mbali, angalau mita 18, hadi wenye mtandao wa umeme wathibitishe kuwa wameukata. Kila mfanyakazi aonyeshwe swichi kuu ya sehemu yake kwa kupelekwa pale na kuigusa. Kuiona kwenye mchoro hakutoshi.

Matangi, mashimo ya maji taka na maghala ya nafaka ni mtego mbaya zaidi. Mtu anaanguka ndani, mwenzake anashuka kumwokoa, anaanguka naye, kisha wa tatu. Hewa ya mle inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote. Gesi ya haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, ikizidi hupooza uwezo wa kunusa, hivyo mtu hudhani imeisha. Amri ni moja: hakuna kushuka bila kifaa cha kupumulia na watu waliofunzwa uokoaji huo. Wa juu wapige simu, wapeleke hewa ndani kama kuna feni, na wamvute kwa kamba ikiwa alishuka akiwa amefungwa.

Moyo uliosimama

Hapa ndipo saa nyingi za mafunzo ziende. Mtu ameanguka. Mtikise mabega, mwite kwa sauti. Haitikii: mlaze chali, inua kidevu huku ukirudisha kichwa nyuma kidogo, tazama kifua na usikilize pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10. Usitafute mapigo, asiye na uzoefu hupoteza dakika nzima akibonyeza shingo, na mara nyingi huhisi mapigo ya vidole vyake mwenyewe.

Mtego mkubwa uko hapa. Wengi ambao moyo wao umesimama hukoroma au hutweta kwa vipindi katika dakika za mwanzo. Waliosimama pembeni husema “bado anapumua” na kusubiri. Mkufunzi aonyeshe video ya mtu anayetweta hivyo au aigize sauti yenyewe, maana maelezo ya maneno hayatoshi kuitambua. Kanuni ya kukariri: hana fahamu na hapumui kama kawaida, anza.

Weka kitako cha kiganja, yaani sehemu iliyo karibu na kifundo cha mkono, katikati ya kifua kwenye nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Mkono wa pili juu yake. Viwiko vimenyooka, mabega yako yawe juu ya mikono yako sawasawa. Bonyeza kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Baada ya mara 30, pumulia mara 2, kila pumzi sekunde 1, kiasi cha kifua kuinuka tu. Asiyejua kupumulia au asiyetaka aendelee kukandamiza bila kusimama, na hilo lenyewe ni msaada mkubwa.

Makosa yanayoonekana tena na tena darasani ni haya. Viwiko vinapinda, nguvu zinaishia kwenye misuli ya mikono, na kina kinapungua hadi sentimita 3. Mkandamizaji anauegemea mwili wa mgonjwa, kifua hakirudi juu, na moyo haupati nafasi ya kujaa damu kabla ya mkandamizo unaofuata. Kasi inapanda hadi 140 kwa sababu ya woga. Watu wanasimama kila mara kuangalia kama ameamka. Mgonjwa ameachwa kwenye kiti au godoro, na kila unapobonyeza ni godoro linalobonyea. Mbavu zikilia, wengi huacha kwa hofu. Ubavu uliovunjika hupona, na kukandamiza kuendelee.

Kila mwanafunzi akandamize dakika 2 kamili bila kupumzika, akiwa amepiga magoti sakafuni. Kwenye dakika ya pili wengi hulegea bila wao kujua, na mdoli wenye taa utawaonyesha. Wakishaona hivyo wataelewa kwa nini watu wapokezane kila baada ya dakika 2, na kwa nini mpokeaji awe amepiga magoti upande wa pili tayari. Kusimama kusizidi sekunde 10 kwa sababu yoyote.

Kama mna mashine ya kushtua moyo, ifundishwe kwenye somo hilihili, isiwe nyongeza ya mwisho. Iwashe, fuata sauti yake. Kifua kiwe wazi na kikavu. Pedi moja chini ya mtulinga wa kulia, nyingine ubavu wa kushoto chini ya kwapa. Mmoja anabandika, mwingine anaendelea kukandamiza. Mashine ikisema msimguse, wote waachie. Ikishashtua, rudi kifuani mara moja. Haitashtua moyo usiohitaji kushtuliwa, hivyo woga wa “kumuua” hauna msingi. Bila kukandamizwa wala kushtuliwa, nafasi ya kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Kwa hiyo mashine ikae mahali ambapo mtu anaweza kuifuata na kurudi nayo ndani ya dakika 3. Ikifungiwa ofisini kwa meneja aliyeondoka na ufunguo, ni sawa na haipo.

Damu inayotoka kwa nguvu

Vaa glavu, weka kitambaa safi au shashi juu ya jeraha, bonyeza kwa viganja vyote viwili na uegemee kwa uzito wa mwili. Usifunue kuchungulia kabla ya dakika 10. Kila ukifunua unabandua damu iliyoanza kuganda. Kitambaa kikilowa chote, ongeza kingine na uhakikishe unabana palepale damu inapotokea. Kurundika vitambaa kumi laini juu ya sehemu isiyo sahihi hakuzuii kitu.

Jeraha lenye kina kirefu la mkono, mguu, kinena au kwapa hujazwa: shashi inasokotwa ndani kwa kidole mpaka chini, shimo linajaa, kisha unabana juu. Kifua na tumbo havijazwi. Zoezi lake ni rahisi: kata mpasuo kwenye kipande kinene cha sponji ya godoro, pitisha mrija wa maji yenye rangi kwa chini, na kila mtu ajaze mpaka maji yasimame. Ukiwa na sponji hiyo, somo zima linaeleweka kwa dakika 15.

Damu ikiruka kwa mapigo kutoka mkononi au mguuni na kubana hakutoshi, au kiungo kimekatika, tumia mkanda wa kubania damu. Ufungwe sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, upande wa moyo, usikae kwenye kiwiko wala goti. Zungusha kijiti chake hadi damu ikome kabisa. Mgonjwa atalia kwa maumivu. Hiyo ni kawaida, usilegeze. Andika saa uliyofunga, na uachwe hivyo mpaka hospitali. Kosa la hatari ni kufunga nusunusu: mishipa inayorudisha damu imezibwa, inayoileta bado iko wazi, na jeraha linatoa damu zaidi kuliko mwanzo. Waya na kamba nyembamba hukata nyama bila kuzuia mshipa, kwa hiyo nunueni mkanda wenyewe uliotengenezwa kwa kazi hiyo, upana wa sentimita 4 hivi.

Kitu kilichochoma na kubaki ndani kisichomolewe. Bana pembeni zake na ukizungushie bandeji kisiyumbe. Kidole kilichokatika kifungwe kwa shashi iliyoloweshwa kidogo, kiwekwe kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo uwe ndani ya chombo chenye maji na barafu. Barafu ikikigusa moja kwa moja huua nyama, na kazi ya daktari wa upasuaji inaharibikia hapo.

Kuungua kwa moto na kwa kemikali

Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20. Yanasaidia hata kama saa 2 zimepita, mradi hazijazidi 3. Vua pete, saa na mkanda mapema kabla ya uvimbe. Nguo iliyogandia ngozi iache. Baada ya kupoza, laza juu yake karatasi safi ya nailoni ya kufungia chakula bila kuizungusha kwa kubana. Dawa ya meno, mafuta, yai na barafu vyote vinaongeza madhara, na inafaa kuvitaja kimojakimoja darasani kwa sababu daima kuna anayeviamini.

Kemikali ya unga, kama kostiki au chokaa, ipanguswe kwanza ikiwa kavu, maana maji machache huiamsha. Halafu maji mengi, si chini ya dakika 20, huku nguo zilizoingia kemikali zikivuliwa. Jicho lioshwe dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole, jicho lililoathirika likiwa upande wa chini ili maji yasiingie kwenye lingine. Mtu mwenye maumivu hufumba jicho kwa nguvu, kwa hiyo anahitaji mwingine wa kumshika kichwa. Zoezi lifanywe wawili wawili. Karatasi ya maelezo ya kemikali iende na mgonjwa hospitali.

Siku ya mafunzo nendeni kwenye bomba lenyewe. Mara nyingi hugundulika hapo kwamba mpira haufiki, kwamba maji hayatoki mchana, au kwamba kioshea macho kinatoa maji ya kutu kwa sababu hakijafunguliwa kwa miezi. Kifunguliwe kila wiki.

Mengine kwa ufupi

Aliyekabwa na chakula, asiyeweza kukohoa wala kusema: mwinamishe, mpige mara 5 kati ya mabega kwa kitako cha kiganja, kisha mara 5 za kuvuta tumbo ndani na juu ukiwa nyuma yake, ukibadilisha mpaka kitoke. Kwa mjamzito vuta kifuani badala ya tumboni. Akizimia, anza kukandamiza kifua.

Kifafa: ondoa vitu vya hatari, weka kitu laini chini ya kichwa, tazama saa, usimshike kwa nguvu wala kumwekea kitu mdomoni. Ikizidi dakika 5 au ikirudia kabla hajapata fahamu, ni dharura ya hospitali. Maumivu ya kifua yanayobana: mkalishe, ita msaada, atafune aspirini ya miligramu 300 kama hana mzio nayo na hakatazwi na daktari. Mdomo kupinda upande mmoja, mkono kulegea, maneno kuvurugika: ni kiharusi, andika saa dalili zilipoanza, maana baadhi ya matibabu hutolewa kwa kuhesabu saa hizo. Aliyeanguka kutoka juu asisogezwe ila kwa moto, gesi au kitu kinachokaribia kumwangukia. Aliyezidiwa na joto hadi kuchanganyikiwa apozwe mwili mzima kwa maji baridi palepale; usisubiri gari.

Simu, lango na sanduku

Bandika karibu na kila sanduku karatasi yenye namba ya dharura, anwani ya mahali kama dereva mgeni angeielewa, lango la kuingilia na majina ya wahudumu wa zamu. Simu ipigwe na mtu aliye karibu na mgonjwa, kwa sauti ya wazi, ili anayepokea aweze kuuliza na kuelekeza. Mwingine atumwe langoni kusubiri. Gari likipotea ndani ya eneo la viwanda dakika 6, hakuna ustadi wa mkufunzi utakaozirudisha.

Sanduku lipangwe kwa hatari mlizoziona: shashi na bandeji nyingi kuliko plasta, bandeji za pembetatu, glavu za saizi mbili, mkasi mgumu wa kukatia nguo, barakoa ya kupumulia, karatasi ya nailoni, blanketi la kuhifadhi joto na, penye mashine za kukata, mikanda miwili ya kubania damu. Vidonge vya maumivu visiwemo kama kanuni zenu haziruhusu. Mtu mmoja mwenye jina lake pale alikague kila mwezi. Shashi ndiyo huisha kwanza, kwa sababu watu huichukua kufutia mafuta.

Bila mazoezi ya marudio, yote hufutika

Cheti hudumu miaka 2 au 3 kulingana na anayekitoa, lakini ustadi wa kukandamiza kifua hushuka ndani ya miezi 3 hadi 6. Kwa hiyo pangeni zoezi la dakika 10 kila baada ya miezi 3, tena wakati wa kazi. Zoezi la Jumamosi bila malipo huja na watu wachache wenye hasira.

Liendeshwe hivi. Msimamizi wa zamu na mlinzi wajue siku, wengine wasijue saa. Laza mdoli mahali halisi, kwa mfano nyuma ya rafu za ghala, uite “mtu ameanguka, hili ni zoezi!” Washa saa. Andika muda hadi mkandamizo wa kwanza, hadi mtu kutamka kwamba amepiga simu ya dharura (bila kuipiga), hadi sanduku na mashine kufika, na nani alikwenda langoni. Lengo la busara ni mkandamizo wa kwanza ndani ya dakika 1 tangu mtu wa kwanza amfikie mgonjwa. Kisha keti nao dakika 5, waseme nini kilikwama, na rekebisha kitu kimoja kabla ya wiki kwisha: sogeza sanduku, nakili ufunguo, andika upya anwani. Usimtaje mtu kwa kosa lake mbele ya wenzake, maana siku ya kweli atasita. Badilisheni matukio, na zamu ya usiku isirukwe. Huko watu ni wachache na msaada uko mbali.

Baada ya tukio la kweli

Andika siku hiyohiyo: saa, mahali, alichoonekana nacho mgonjwa, alichofanyiwa na nani, na alivyokabidhiwa. Vifaa vilivyotumika vibadilishwe kwa vipya kabla zamu haijaisha, pedi za mashine zikiwamo.

Mhudumu naye atazamwe. Damu ikimwingia kwenye kidonda, aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kukamua. Ikimwingia jichoni au mdomoni, asuuze kwa maji mengi. Aende kituo cha afya saa hizohizo, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo zinavyofaa zaidi. Chanjo ya homa ya ini aina B hupangwa kabla, siku mtu anapoteuliwa kuwa mhudumu. Aliyekandamiza kifua cha mwenzake akafariki asirudishwe kwenye mashine mchana huohuo kana kwamba hakuna kilichotokea. Apewe muda, mtu wa kuzungumza naye, na aelezwe wazi kwamba wengi ambao moyo umesimama hufariki hata kazi ikifanywa sawasawa. Muulize tena baada ya wiki mbili. Usingizi unaokatika na kukwepa kupita mahali pale ni dalili za kumpeleka kwa mshauri.